Kuku Wasiojua Beseni

Jumatatu, 4 Machi

Wamefika. Wanane. Mume wangu amewashusha kwenye lori asubuhi, kreti mbili za plastiki, akaniambia shika huku, usitikise. Shamba kubwa analolipelekea chakula cha kuku linaondoa waliochoka kutaga. Wenzao wote wamekwenda machinjioni. Hawa amewaomba. Na mimi akaniomba, nikakubali — na sasa nawatazama natamani ningekataa.

Sikujua kuku anaweza kuwa hivi. Vifua vitupu, ngozi imeiva kama ya mtu aliyeungua maji. Vilemba vimepauka, vimeangukia upande mmoja. Kucha zimerefuka hadi zinajikunja. Tumefungua kreti, hakuna aliyetoka. Ikabidi tuwatoe mmoja mmoja, na kila tulipomweka mmoja alibaki papo hapo, kisha wakasogeleana, wakasimama kama watu ndani ya lifti.

Masharti ya mama nayaandika hapa nisije nikajisahaulisha. Mama ni mama wa mume wangu. Nyumba ni yake. Tangu tuhame kule tulikopanga tunakaa chumba chake cha nyuma, na mpaka leo hajawahi kunitolea neno. Kuku wake ndio maisha yake. Anawajua kwa sauti. Zamani mgeni mmoja alimletea zawadi ya kuku, kuku yule akaja na kideri, na banda zima likafagiwa. Mama aliwazika kwa mikono yake. Basi sasa amesema hivi: wageni wakae kwenye stoo ya nyuma, mbali na banda lake. Nikienda kwao nivae ndala nyingine. Vyombo visichanganyike. Mpaka mwezi uishe.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," ameniambia, "na ya hao hatuioni."

Nimemwapia kwamba hawatakutana. Nimeapa kabisa, mkono kifuani.

Jumanne, 5 Machi

Hawanywi maji.

Beseni limejaa, liko katikati ya stoo, wanalizunguka kama shimo. Wanadonoa vichwa vya misumari ukutani. Wanadonoa komeo. Mmoja amedonoa kitufe cha gauni langu mpaka nimeogopa.

Nimempigia mume wangu. Yuko safari ya mbali, harudi mpaka juma lijalo. Akanieleza: shambani kuna vichuchu vya chuma juu ya vizimba, kuku akidonoa tone linatoka. Ndivyo walivyokunywa maisha yao yote. Maji yaliyotulia hawayajui. Nikamuuliza vichuchu hivyo vinapatikana wapi, akasema hajui, labda anunue akirudi. Akirudi! Kuku ana siku ngapi bila maji?

Nimewachovya midomo mmoja mmoja. Wamepaliwa, wakatikisa vichwa, wakanikimbia. Asiye na manyoya mgongoni anatetemeka, jua au kivuli. Nimemshonea koti kwa mabaki ya kaptura za shule ninazoshona. Limemkaa vizuri kuliko kaptura zilivyowakaa wanafunzi wenyewe. Nimemwita Koti.

Mama amechungulia kwa mbali, akauliza hicho ni nini, kuku au karani. Amecheka. Mimi sikuweza.

Alhamisi, 7 Machi

Sijui niandikeje.

Asubuhi wawili walikuwa wamelala ubavu, macho nusu wazi. Koti alikuwa anadonoa msumari uleule, taratibu, kama anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Joto limeanza mapema. Nimewanyunyizia matone kwa bomba la sindano, wameyatema. Nikaona hawafiki jioni. Wamenusurika kisu, waje wafe kiu kwangu, beseni limejaa.

Mama alikuwa amekwenda kliniki ya macho.

Nikaenda bandani kwake. Nikamchukua Shungi.

Shungi ni mtetea wake mwenye kishungi, mpole, hulea vifaranga hata visivyo vyake. Mama anasema kuku yule amemzidi akili bwana mifugo. Nimemtia kwenye kikapu, nikamfunika na kitambaa, nikakaza mwendo kana kwamba ni mimi ninayeibwa. Nikamweka stoo. Akawatazama wale wanane. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye beseni, akachota maji, akainua kichwa, akameza. Akachota tena.

Wote wakageuka.

Koti alikuwa wa kwanza. Alisogea, akagonga maji kwa mdomo, akashtuka, akagonga tena. Halafu mwingine. Halafu wakasukumana. Hata wale waliolala niliwasogeza karibu wakanywa. Nimelia, sioni aibu kuandika. Nikamwacha Shungi kidogo zaidi, maana alianza kuparua sakafu na wao wakaanza kuparua pia, vibaya, wanaanguka. Nikamrudisha kabla mama hajafika.

Mama amerudi na dawa machoni, haoni vizuri. Akauliza wageni wanaendeleaje. Nikasema wameanza kunywa. Umefanyaje, mwanangu? Nikasema subira tu, mama.

Subira. Ulimi wangu huu.

Ijumaa, 8 Machi

Mayai mawili, ganda laini kama karatasi iliyolowa. Wametoka hadi kizingitini. Koti amelala kifudifudi juani, bawa moja limetandazwa, shingo imepinda. Nimepiga magoti nikimwita Mungu. Kumbe anaota jua. Akanifungulia jicho moja, akanidharau.

Hakuna aliyeugua. Nilikuwa naogopa bure. Ni saa chache tu, na wote wazima. Mtu hawezi kuua kwa wema.

Nimeifuta sentensi hiyo ya mwisho, kisha nimeiandika tena. Sina uhakika nayo.

Jumapili, 10 Machi

Wifi amepiga simu. Dada wa mume wangu. Duka alilokuwa akiuza limefungwa, amekaa nyumbani, anataka aanze na kuku wa mayai na vifaranga. Mama amefurahi mpaka amesahau sukari ya chai. Amesema atampa mitetea watano, na juu yao atampa Shungi, awe mama yao. Wifi atakuja Jumamosi kuwachukua.

Nikamuuliza mama, Shungi kweli? Si unampenda? Akasema ndiyo maana anampa. Anayempa mwanawe kitu asichokipenda, huyo hakutoa, ametupa.

Sijala vizuri tangu mchana.

Jumatano, 13 Machi

Koti amepiga chafya.

Nimesimama mlangoni nimeshika debe la pumba. Akapiga tena. Labda vumbi. Nikafagia, nikanyunyiza maji. Akapiga tena. Kinyesi chake kimekuwa cha kijani. Amejikunyata ndani ya koti lake, kichwa ndani, kama abiria anayesinzia. Chakula hagusi.

Nimekwenda kuwatazama kuku wa mama kwa mbali. Shungi anaparua, mzima. Nimemtazama mdomo mpaka macho yakaniuma. Kila akifungua nadhani anakohoa.

Mama nimemwambia kuhusu Koti. Hilo nimelisema. Ameweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua, akasema tumwite bwana mifugo. Hakunilaumu. "Ndiyo faida ya kuwatenga," akasema.



Alhamisi, 14 Machi

Bwana mifugo amekuja na buti za mpira na ndoo ya dawa. Akamshika Koti, akamfungua mdomo, akamvuta kope. Mama alisimama nje ya stoo, hakuvuka kizingiti.

Amesema inaweza kuwa mafua, hayo yana dawa. Inaweza kuwa kideri, na hicho hakina. Amechukua sampuli, majibu Jumatatu. Kisha akaniuliza mimi, si mama: hawa wamechanganyika na wale wa mbele?

Nilifungua mdomo. Nilifungua, nashuhudia.

Mama akanitangulia. "Hata kidogo. Huyu mkwe wangu ni mwoga kuliko mimi. Ana ndala zake za kuja huku, akitoka ananawa mpaka viwiko."

Bwana mifugo akanitazama akatabasamu. Akasema basi wale wa mbele hawana neno, mama, endelea nao kama kawaida. Na kama wangechanganyika, nikauliza mimi, kama mtu anayeuliza habari za mji mwingine. Akasema hapo asingeruhusu hata unyoya utoke kwenye ua huu, maana mtu akibeba kuku mmoja tu akapeleka kwingine, amepeleka msiba.

Wakati wa kumsindikiza, mama alimsimulia habari za jirani aliyeficha kuku wagonjwa akawauza. Mficha maradhi kilio humuumbua, akasema. Alikuwa anasema ya jirani. Mimi ndiye niliyeinama kufunga mlango ambao ulikuwa umefungwa.

Ijumaa, 15 Machi

Koti amekufa. Nimemkuta kwenye kona, wenzake wamemzunguka. Nimemtia kwenye mfuko wa plastiki kama bwana mifugo alivyoagiza. Koti lake sikumvua.

Nimempigia mume wangu, nikamweleza yote. Shungi, kikapu, beseni. Nikasikia lori likinguruma. Halafu akasema usimwambie mama. Subiri majibu Jumatatu. Yakiwa mafua, umejichongea bure, na unajua tunaishi kwa nani. Nikamwambia wifi anakuja kesho. Akasema Shungi hana dalili, si umesema? Basi. Akasema yeye amewaleta wale kuku, atazungumza na mama mwenyewe akirudi. Lini? Akirudi.

Nampenda mume wangu, lakini neno hilo "akirudi" limenichosha.

Ana haki, labda. Labda ni mafua. Nikisema, nimekiri kuvunja kiapo mbele ya mama aliyetufungulia mlango tulipokuwa na magodoro kichwani. Nikinyamaza, wifi anapakia Shungi kwenye boksi. Namwogopa mama. Si kwamba atapiga kelele. Hajui kupiga kelele. Naogopa ataacha kuniita mwanangu.

Mama amekuja mpaka karibu na stoo akanipa pole ya Koti. Pole ya kuku! Nikaitikia.

Jumamosi, 16 Machi

Wifi amefika kabla ya chai, na boksi lenye matundu. Amefurahi, amesuka, amevaa viatu vya kazini kama anayeanza kazi mpya leo. Akaniambia wifi mbona umekonda, ni hao kuku zako au kaka yangu? Mama akacheka. Wale mitetea watano bado walikuwa bandani, lakini Shungi alikuwa amekwishafungwa miguu kwa kipande cha kitambaa changu, yuko mapajani kwa mama, ametulia.

Nilisimama na birika. Nilisema moyoni, mama akimtia kwenye boksi nitasema. Akamtia. Sikusema. Nikasema, wifi akilishika boksi nitasema. Akalishika.

"Mama, Shungi asiende."

Wifi akatania, anamtaka yeye huyu. Mama akaniuliza kwa nini, bado anatabasamu.

Nimesema. Sikumbuki mpangilio. Nimesema walikuwa wanakufa kiu, ulikuwa kliniki, nikamchukua kwa kikapu, nikamrudisha. Nimesema tangu Alhamisi ile. Nilikuwa bado nimeshika birika na mkono ukaungua, sikulitua.

Mama hakuuliza kwa nini. Aliuliza swali moja.

"Alikunywa kwenye beseni lao?"

"Alikuwa wa kwanza kunywa, mama."

Wifi aliweka boksi chini taratibu sana, akarudi nyuma hatua hatua hadi getini. Mama akamwambia avue viatu aviache, anawe hapo bombani, aende zake, na mpaka apigiwe simu asikaribie kuku wa mtu yeyote. Wifi aliondoka pekupeku. Aliponipita hakunitazama.

Mama akafungua boksi. Akamfungua Shungi miguu, akampapasa kishungi kwa kidole. Nilidhani atamrudisha bandani. Hapana. Alipita mbele yangu naye kifuani, hadi stoo, akamweka ndani na wale wageni, akafunga komeo. Amekaa hapo muda ameegemeza paji la uso mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma yake na sikujua mikono niiweke wapi. Nikasema nisamehe mama. Akaenda bombani akanawa, mpaka viwiko.

Nimempigia bwana mifugo mimi mwenyewe. Amefoka. Ana haki. Amesema anakuja mchana huu huu, tusifungue geti.

Sasa nipo chumbani, dirisha linatazama banda. Mama ametoa kiti jikoni, amekiweka mbele ya banda lake, amekaa anasikiliza. Kila kuku akikoroma anainua kichwa. Jogoo tangu asubuhi amesimama mguu mmoja — huwa anasimama hivyo, au ni leo tu? Sijui. Sikuwahi kumtazama.

Ameinuka. Ameingia ndani. Nilidhani ameshindwa, anakwenda kulala. Ametoka na kiti cha pili. Amekiweka kando ya chake, akakifuta vumbi kwa pindo la gauni, akakaa. Hajaniita. Hajageuka kutazama dirisha.

Kile kiti ni changu. Najua ni changu, na miguu haitaki kwenda. Nikikaa pale ataniuliza, kwa sauti yake ileile ya chini, ni nani mwingine alijua. Na mimi nimemaliza kusema uongo kwenye nyumba hii. Itabidi nimwambie kwamba mwanawe alijua tangu jana, na kwamba ndiye aliyeniambia ninyamaze.