Kitasa cha Chumba cha Barafu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Ukiniuliza mimi, mwili hauna neno, nakula na kazini nakwenda. Mengine utayaona humu, maana nimekusudia kuandika yote. Mwandiko wangu unaujua, uniwie radhi.

Barua yako ya kunishukuru niliipata Jumanne ya wiki iliyopita. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Umeandika kwamba nimekuokolea mume, na kwamba watoto wanaringa shuleni kuwa wana mjomba shujaa. Dada, naomba uketi kwanza, na watoto watoke nje wakacheze. Wewe habari ulizipata kwa simu, kipande kipande, kwa hiyo acha nianzie mwanzo.

Tunaishi wanaume sita chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, mimi juu, shemeji chini yangu. Siku ya mapumziko hatuna pa kwenda. Ni kufua, kulala na kuangalia dari. Basi mwenzetu mmoja, mchomeleaji tunayemwita Cheche, akaja na ndoo ya makufuli aliyookota kwenye vyuma chakavu, yote hayana funguo. Akasema atatufundisha kuyafungua kwa waya, kwa kujifurahisha tu, kama wengine wanavyocheza karata. Shemeji alicheka sana. Alisema amesafiri umbali wote huu kuja kufundishwa wizi ukubwani, na kwamba wewe ukisikia utaanza kuficha masufuria.

Baada ya wiki mbili yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi sakafuni na waya zake. Ndani ya kufuli, dada, mna vijiti vidogo vimejipanga mstari, kila kimoja na springi yake. Waya mmoja unakaza, mwingine unainua, kijiti kimoja baada ya kingine, mpaka kitu kizima kinalegea mkononi. Cheche alisema macho hayana kazi hapo, wala glavu. Kufuli husikilizwa kwa vidole vitupu. Alitupa na masharti mawili: usiguse kufuli lisilo lako, na usiguse lile ambalo watu wanalitegemea, kwa sababu mwanafunzi kabla hajajua kufungua hujua kuharibu.

Lilikuwepo kufuli moja kubwa lenye kutu tuliloliita Mama Mkwe, maana halikumkubali mtu. Mimi nililifungua. Wenzangu walipiga makofi na kunibandika jina la Daktari. Usinicheke. Wewe unajua shuleni nilikuwa wa mwisho mpaka nikaacha, nyumbani ni wa mwisho kuzaliwa, na hata huku kazini jina langu huitwa mwisho. Siku hiyo nilikuwa wa kwanza. Nililala na Mama Mkwe chini ya mto.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano, saa nne na kitu, tumetoka kunywa chai. Shemeji aliingia chumba cha barafu cha ghala letu kutoa maboksi ya nyama. Mlango ule hujifunga wenyewe, na ndani kuna kitufe kikubwa cha kusukuma kinachofungua kitasa ili mtu atoke. Siku hiyo kitufe kiligoma. Tukasikia anagonga. Nyapara akaja na ufunguo, ukaingia nusu ukakwama. Akaupiga kwa kiganja, akatukana, kisha akageuka kunitazama mimi. Wote wakanitazama. Nyapara akasema, "Daktari, fungua."

Nikapiga magoti. Sauti ya shemeji ilipita kwenye mpira wa mlango, ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Aliuliza, "Ni wewe, shemeji? Basi sina wasiwasi."

Nilihangaika na waya zangu dakika ishirini. Kugonga kukawa kunapungua. Ndipo nyapara alipotuma mtu akamwite Cheche, aliyekuwa juu ya paa la ghala la pili, aje na mashine ya kukatia vyuma. Mpaka anafika, anatafuta waya wa umeme unaofika, anakata bawaba zote tatu, saa nzima ilikuwa imepita. Tulimkuta mumeo ameketi kando ya mlango. Glavu zake alikuwa amezivua, akaziweka pembeni vizuri kabisa. Alikuwa ameshika waya wake, anajaribu kukilegeza kile kitufe kwa vidole vitupu, kama alivyofundishwa.

Vidole sita vimekatwa, vinne vya kulia na viwili vya kushoto. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba kila asubuhi namfunga vifungo vya shati, na jioni namlisha kwa kijiko, naye kila mara anasema asante. Juzi aliniuliza kama vidole vinne vinatosha kushika jembe. Nikamjibu vinatosha.

Dada, kile kitasa nilikiharibu mimi.

Jumatatu ya wiki ile, wenzangu walipotoka kuota jua wakati wa chai, mimi nilibaki. Cheche alikuwa amesema kitasa cha chumba cha barafu ni cha aina ambayo hata yeye hajawahi kuifungua. Nilitaka siku ya mapumziko nimwambie mimi nimeifungua. Ncha ya waya ikakatikia ndani, kipande kama punje ya mchele. Nikajaribu kukivuta, kikazidi kuzama. Jioni nyapara alipofunga, ufunguo ulizunguka, nami nikashusha pumzi, nikajiambia hakuna neno. Sikumwambia mtu.

Na hilo siyo baya kuliko yote. Nilipopiga magoti pale mlangoni, katika watu wote wale ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kwa waya mlango hautafunguka. Ningesema tangu mwanzo, wangemkimbilia Cheche papo hapo. Niliona aibu. Nikaendelea kuzungusha waya nikijifanya nafanya kazi, nao wakaningoja kwa sababu mimi ni Daktari. Daktari wa hospitali alisema vidole vile visingekatwa vyote kama angetolewa mapema kidogo. Alisema mbele yangu. Nilikuwa nimeshika viatu vya shemeji.

Wenzangu wanasema sikubanduka mlangoni. Ni kweli, sikubanduka.

Hapa kazini lawama wamemtupia fundi wa mitambo, anayekagua milango. Ameapa kwamba asubuhi ile ya Jumatatu alikikagua kitasa na kilikuwa kizima. Hawamwamini. Wamemsimamisha, na Ijumaa wanakaa kumfukuza. Ana watoto wa umri wa hawa wako. Jana nilimkuta getini anazuiwa kuingia kuchukua ovaroli yake, akanisalimia, akaniuliza hali ya mgonjwa wetu.

Shemeji anasafiri Alhamisi. Ijumaa asubuhi nitaingia ofisini niseme. Sijui watanifanya nini, na sikuombi unihurumie. Nimengoja mpaka yeye aondoke kwa sababu ya woga tu. Jumapili nilijaribu kumwambia, kijiko kikiwa mkononi. Nikasema shemeji, kuna jambo. Akafurahi, akauliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia bado, nikaendelea kumlisha.

Mama usimwambie mpaka mguu upone. Watoto waambie, lakini siyo siku ile baba yao anafika. Waache kwanza wamzoee mikono. Mumeo akisema nisitajwe tena humo ndani, usinitetee, hata kwa machozi. Na fundi yule, hata mkiomba Mungu mara moja tu, mwombeeni yeye.

Nisalimie wote wanaokubali salamu zangu ukishamaliza kusoma.

Barua nitaiweka mfuko wa mbele wa begi lake, nimwambie ni salamu zako. Bahasha nitaigundisha sana, na kwa mikono ile hawezi kuifungua njiani. Mfungulie wewe, umkalishe, umsomee neno kwa neno. Usipunguze.

Ni mimi mdogo wako,
wa mwisho kuzaliwa.