Mstafeli Chini ya Roshani

Jumamosi, 3 Mei

Ametema tena! Asubuhi hii, mchana kweupe, mimi nikiona. Jirani wa ghorofa jipya, ambaye humu ndani tunamwita Bwana Mswaki, alitoka kwenye roshani na kaptura yake, akasugua meno kama anasugua sufuria iliyoungua, akainama, halafu ptuu! Upande wetu. Povu likatua kando ya kiti cha Mama. Ghorofa zima lile halina sinki? Linalo. Ila sinki lake yeye ni ua wetu. Chai imenishinda kwa kinyaa.

Mama hakuwepo kitini. Ni mama mkwe wangu, lakini hilo neno mkwe tulishaliacha zamani. Hatoki siku hizi. Tangu roshani ile iishe kujengwa hajakanyaga ua. Na daktari alisema wazi baada ya kule kuanguka kwake: atembee, aote jua, la sivyo miguu itamkataa. Yeye anasema hawezi kukaa uchi mbele ya mwanamume asiyemjua. Uchi! Gauni hadi vifundoni, mtandio juu yake. Lakini namwelewa. Mtu akikutazama kutoka juu, nguo hazitoshi.

Leo kashika ukuta kutoka chumbani hadi jikoni. Juzi hakushika.

Jumapili, 4 Mei

Mimi ni fundi wa mapazia, basi nikasema mganga ajigange. Pazia la uani: kitambaa kizito, pindo lililokunjwa mara mbili, pete za chuma, kamba kutoka dirishani hadi nguzo ya kuanikia. Lilipendeza kweli! Kabla ya adhuhuri upepo umelibeba, likamfunika paka wa watu. Mama kachungulia dirishani: yeye hajafa bado, mbona tunamzungushia mashuka?

Ukuta nao hauongezeki. Mwashi alishasema, ukiuwekea tofali moja zaidi utalala.

Basi miti. Ua wenyewe kiganja, lakini miti.

Jumanne, 6 Mei

Mume wangu kaja na miti! Mirefu, myembamba, imemzidi kimo, imefungwa juu ya gari kama magodoro ya wahamaji. Kainunua kwa yule muuzaji wa barabarani pale kwenye mzunguko. Nilikuwa nimemsisitiza: achague iliyooteshwa huku kwetu, iliyozoea udongo wetu na ukame wetu, siyo ya kuja na lori. Anasema aliuliza, akajibiwa ni ya hapahapa. Alimuuliza mara ya pili, akaapiwa. Ya hapahapa!

Tumeipanda yote kando ya ukuta. Mume wangu alisimama nyuma ya miti, akaniuliza kama namwona. Nikasema simwoni. Akacheka peke yake huko nyuma. Mama kasema kesho atatoka.

Jumatano, 7 Mei

Alitoka! Hadi mlangoni. Akakaa kizingitini, kidogo tu. Lakini alikaa.

Jumanne, 13 Mei

Uozo. Uozo mtupu.

Majani yalianza kunyauka Ijumaa. Tukasema ni kiu. Tukamwaga maji, mume wangu akiongea nayo kama wagonjwa wa wodini. Leo nimeshika mmoja kuunyoosha, ukanibakia mkononi. Hauna mzizi hata mmoja! Ni tawi. Tawi limekatwa, likachongwa chini, likachomekwa kwenye mfuko wa udongo. Nikang'oa wa pili. Tawi. Yote ni matawi. Tumekuwa tukimwagilia kuni.

Nimekwenda mwenyewe kwenye mzunguko na tawi mkononi. Hakutikisika! Nikamuuliza, si ulisema ni ya hapahapa? Akasema ndiyo, aliikata hapahapa, nyuma ya ile shule. Na hakuwa anatania, aliona amenijibu. Kisha akanipungia mkono kunionyesha mingine, eti hii ni mibichi zaidi. Nilitaka kumchapa nayo.

Mama karudi chumbani. Pazia limefungwa. Nililishona mimi, na leo nalichukia.

Alhamisi, 15 Mei

Bustani ya miche iko nyuma ya karakana ya magari, na kwa muda wote huu sikujua. Inanuka samadi hadi kwenye nywele. Kuku wanapita juu ya kila kitu na kuacha walichoacha. Mwenye bustani ni mama mnene mwenye sauti ya mlango usiotiwa grisi. Hakunikaribisha, aliniuliza tu nataka nini. Nikasema mti mrefu, mnene, wa leo. Akasema huo siyo mti, hilo ni pazia, nikamtafute fundi wa mapazia!

Nikamwambia ndiye mimi. Akanitazama. Hapo ndipo tukaanza kusikilizana.

Kauliza ukubwa wa ua, bomba linapita wapi, jua linatokea upande gani. Mikubwa yote akaikataa, itapasua bomba. Inayopukutika majani kiangazi akaikataa, kwani kiangazi ndipo watu hukaa nje. Mwisho kanipa mstafeli. Majani mwaka mzima, mizizi haina vita. Nikamwambia autoe mfukoni kwanza nione. Hakuudhika. Kaupasua mfuko, na mizizi ilikuwepo, myeupe, imejaa!

Nikauliza kama kweli ni wa huku. Akasema mzazi wake ni ule pale kwenye uzio, tunda lake alilila mwenyewe, mbegu akaitema hapo. Kutema tena! Nimezungukwa na watema mate. Angalau wake huota.

Tatizo ni moja. Mti wenyewe unanifika gotini. Hautaweza kumficha mtu na macho ya roshani kabla ya mwaka wa tatu, tena kwa samadi nzuri. Nimenunua hivyohivyo. Njiani nilikuwa na hasira na mti, na mimi, na kila kitu.

Jumamosi, 17 Mei

Tumeupanda kando ya kiti. Nilimweleza Mama kwa kumzungukazunguka, kwamba miti hukua, kwamba subira, kwamba hivi na hivi. Akauliza mwaka wa ngapi. Nikasema wa tatu. Akacheka, kweli akacheka: mwaka wa tatu yeye atakuwa ameshafichwa tayari, na vizuri zaidi.

Sikucheka. Nimekwenda chumbani kwangu kushona na nimeshona kombo.

Baadaye nikamwona dirishani kafungua pazia kidogo. Anautazama mti, siyo roshani. Akaniuliza kama mtoto amenyweshwa. Mtoto!

Jumapili, 18 Mei

Amemtemea mtoto. Povu la buluu juu ya jani changa, linateleza polepole. Kinyaa changu leo hakina jina. Nimeliosha jani kwa kidole.

Mume wangu kavaa viatu, kasema sasa basi, anakwenda kumpa zake. Nikamsubiri mlangoni. Nikasubiri sana. Karudi anatabasamu! Kapewa soda, kaonyeshwa vigae vya bafuni, kumbe jirani ni mtu wa watu. Na mate? Eti mazungumzo hayakufika huko. Soda! Ameuza ua wa mama yake kwa soda ya baridi. Sijamsemesha hadi sasa.

Mama alisikia yote kutoka chumbani. Kasema maneno machache: kumtemea mzee ni utovu wa adabu, lakini kumtemea mtoto asiyeweza kusogea ni kitu kingine. Halafu akaomba fimbo yake iletwe karibu na kitanda.

Jumanne, 20 Mei

Naandika kwenye cherehani, dirisha wazi. Sijamaliza hata chai.

Mama katoka. Peke yake! Nilisikia fimbo ukumbini nikadhani ni mume wangu anahamisha kitu. Kavuka kizingiti, kavuka mahali pa kufulia, miguu inatetemeka, nami nilipotaka kumsaidia kainua mkono mmoja tu kunikataza. Kakisogeza kiti. Siyo nyuma ya mstafeli. Mbele yake, katikati ya mti na roshani. Kakaa, katandaza mtandio wake hadi mtoto akafunikwa nusu.

Sasa mlango wa juu umefunguka. Bwana Mswaki na kaptura yake. Anasugua. Hajamwona. Anasugua, anafika ukingoni, anainama, mdomo umejaa –

Kamwona!

Mama kainua uso. Uso mzima, mtandio umeshuka mabegani, hajali. Anamtazama kama anayesubiri haki yake. Mdogo ndiye huanza, kila mtu anajua hilo, hata mwenye ghorofa. Na huyu hawezi kufumbua mdomo.

Mama kangoja. Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu aanguke, mtaa mzima usikie:

"Marahaba!"

Shikamoo haijatoka. Povu linamchuruzika kidevuni. Mama kaweka mkono nyuma ya sikio na kumtegea, kama mzee asiyesikia vizuri. Ng'ambo dirisha limefunguka, kisha jingine.

Hajatema. Hajameza. Bado wanatazamana.