Mvua ya Februari Kwenye Ubao Wako

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika hivi kwa mazoea tu, maana marahaba yako siisikii tena.

Nimechoka, Baba. Nakwambia wewe kwa sababu wengine nikiwaambia wananipa ushauri. Narudi skuli mchana, koo limenikauka kwa kusomesha, na kabla sijavua buibui nauona ubao wako pale mlangoni. Agosti imeingia siku ya tatu leo, na mpaka mchana ilikuwa bado haijaandikwa. Nilikuwa nimeufuta kwa kitambaa cha maji kama ulivyokuwa ukifanya, nikashindwa kuendelea.

Tangu uondoke sijaruka mwezi hata mmoja. Ulinishika mkono ukanambia, "Ubao usikae mtupu, mwanangu," nami nikaitika naam. Nimeandika mwandamo na mwezi mpevu, bamvua inayojaza bahari siku hizo, na maji mafu ya katikati. Nimeandika siku zako za kale: Mapinduzi, na ule umeme uliokatika tukakaa na vibatari mpaka pua zikajaa masizi. Kila alfajiri naongeza hali ya hewa. Mwandiko wangu si wako, na Bi Saada wa mlango wa pili hachoki kunikumbusha: "Babako akiandika, mie nikisoma bila ya miwani."

Lakini mwezi huu una siku yako. Mwaka unatimia. Chini kabisa ya ubao zinakaa manowari za Waingereza zilizopiga kasri la Sultani, na siku yako iko wiki moja kabla yao. Nikikuandika juu ya manowari, ndiyo ushakuwa historia. Watu watapita na tiketi zao za boti wakielekea bandarini Malindi, watakusoma, watakwenda zao. Nisipokuandika, nitakuwa nimekusahau mimi niliyekufumba macho. Chaki nikairudisha mahali pake.

Kaka Nassor alikuja Ijumaa kutoka kwake Amani. Anataka tuushushe. "Zuhura, watu wana simu," akanambia. "Mwezi umo kwenye simu, mvua imo kwenye simu. Unajitesa kwa ajili ya nani?" Sikumbishia. Nilikuwa nikingoja mtu aseme hivyo, Baba, nisamehe. Tukapatana alete fundi siku ya hitma yako ya mwaka, aung'oe.

Basi jana nikatoa sanduku lako uvunguni, nipate pahala pa kuuweka. Nikayakuta madaftari uliyokuwa ukinakilia ubao kila mwezi. Nikataka kuona Mama, aliyetutoka Februari, ulimwandika vipi. Nikafungua Februari moja, nikafungua nyingine, nikazifungua zote. Mama hayumo. Nilikasirika, sikufichi. Mtu ameandika mpaka siku lilipoanguka dari la jirani, mkewe anamwacha?

Ndipo nikatazama hali ya hewa. Februari, majira ya kaskazi: jua, jua, jua kali, jua. Kisha siku aliyozikwa Mama: "Mvua ndogo asubuhi." Mwaka uliofuata, siku ile ile, mvua ndogo asubuhi. Na uliofuata. Nikamkumbuka Bi Saada amesimama barazani, anajipepea kwa ncha ya kanga: "Mzee, mvua yenyewe iko wapi?" Na wewe, uliyekuwa ukigombana na redio kwa kukosea mawingu, ukimjibu taratibu, "Subiri." Sisi tukicheka ndani, tukisema uzee huo.

Asubuhi ile ya maziko ya Mama tulibaki wanawake ndani, na wanaume waliporudi kutoka makaburini kanzu zao zilikuwa zimelowa mabegani. Nilikuwa nimesahau. Februari iliyopita, Baba, niliandika jua. Bi Saada alisimama mbele ya ubao akaniuliza, "Leo hukuandika mvua?" Nikadhani ananitania.

Nililia pale sakafuni kilio ambacho siku yako sikukipata, kwa kushughulikia wageni na sufuria.

Leo baada ya alasiri nimeiandika Agosti. Ulikwenda baada ya magharibi. Nilikufungulia dirisha, na mwezi wa siku sita ulikuwa juu ya paa la Bi Saada, nawe ukautazama. Mwaka huu mwezi umeshasogea zile siku kumi na moja ulizonifundisha kuhesabu kwa vidole. Siku yako utakuwa wa kumi na saba, na saa ile hautakuwa hata umechomoza. Jina lako sikuliandika. Kwenye siku yako nimeandika: "Mwezi wa siku sita." Bamvua ya siku hiyo nimeiacha sawasawa, maana wanawake wanaolima mwani Bwejuu bado wananipigia simu kuiulizia, na kwao hakuna mchezo.

Bi Saada hakukawia, na miwani yake. "Bamvua kwa mwezi wa siku sita? Tangu lini? Babako hakukosea hivi."

"Subiri, Bi Saada," nikamwambia.

Akanitazama. Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda kupika.

Nassor nitamwambia fundi aje vile vile, lakini aukaze, asiung'oe: misumari ya juu imelegea na ubao umeanza kwenda upande. Miaka mingi sikuahidi, mwili hauna nguvu. Nakuahidi Februari nitairudishia mvua yake, na Agosti haitakosa mwezi wake, maadamu mkono unashika chaki. Mola akupeni kivuli huko, wewe na Mama.

Leo upepo ni wa kusi, mawingu machache, hakuna mvua. Hii ya kweli.

Mwanao,
Zuhura