Pigo Moja Pungufu

Karakana ya Viti,
Nyuma ya Ukumbi wa Zamani,
S.L.P. 418.

Tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua chako kimetulia sasa baridi ya huko inapopungua. Sisi huku hatujambo. Magoti yangu yananikumbusha umri kila ninapoinama chini ya kiti, lakini kazi inakwenda. Mama naye yupo. Sikio la kushoto limegoma kabisa, la kulia husikia linachotaka, na husikia vizuri zaidi akiwa anasengenywa.

Usishangae kupata barua ya karatasi zama hizi. Kwenye simu huwa unanikatiza, nami leo nataka kusema mpaka mwisho.

Nimepata kazi ya kuvika upya viti vya ukumbi ulio mbele ya karakana yangu. Sponji zimelala, springi zimetoboa vitambaa, wageni wakiinuka wanaacha nyuzi za suruali zao. Siku moja nilikuwa nimelala chali kati ya safu mbili, stapla mkononi, vijana wanne wakapanda jukwaani kufanya mazoezi. Nikajua leo ni siku ya kuumwa kichwa. Watabonyeza kompyuta, nikajisemea, kisha watarukaruka.

Kaka, haikuwa hivyo. Binti mmoja alikaa kwenye kinanda akaanza taratibu, kama mtu anayefungua madirisha ya nyumba iliyofungwa siku nyingi. Filimbi ikaja, besi likaja, halafu dramu ikaingia kwa hesabu ya mapigo saba. Saba, si manne tuliyoyazoea. Wimbo ulikwenda, ukageuka, ukatulia hata nikadhani umekwisha, ukainuka tena kwa mwendo mwingine. Nilimaliza kuvika kiti kizima nao bado uko njiani.

Ni ile roki ya chumbani kwa mjomba. Unakumbuka alivyokuwa akituketisha sakafuni na kutuwekea santuri za wale watu wa nywele ndefu, wimbo mmoja unajaza upande mzima, na ole wako ukohoe. Lakini hawa vijana hawaigi. Wamechukua koti la babu yao wakalishona upya likawakaa. Kuna maneno ya leo ndani yake, hasira za leo, na sauti ambazo sisi hatukuwa na mashine za kuzitoa. Machozi yalinitoka nikasingizia vumbi la sponji, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsingizia.

Wewe uliniambia muziki huu umekufa. Ulisema hivyo siku ulipokunja jamvi ukaondoka, nami nikakuamini kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Basi nakuarifu kwamba marehemu anaendelea vizuri. Anajaza ukumbi, na wanaokuja kumsikiliza ni rika la wanao. Wanakaa kwenye viti vyangu wimbo mzima bila kugusa simu. Nimekuwa nikipigilia misumari kwa maisha yangu yote ya utu uzima kwa sababu ya msiba ambao haukuwapo.

Hilo peke yake ningelimeza. Lakini siku ya pili ya mazoezi wakaupiga wimbo wetu.

Ndiyo, wetu. Ule tuliourekodi sebuleni, magodoro yameegemezwa madirishani, redio kaseti ya mjomba katikati ya zulia, na mama amekaa mlangoni kuzuia majirani. Mpiga besi wao aliikuta kaseti kwenye sanduku la vitu vya mjomba vilivyouzwa baada ya kufariki kwake. Juu yake pameandikwa jina la bendi tu, basi, hakuna mtu anayejua ni akina nani. Jukwaani huutangaza kuwa ni wimbo wa wazee wasiojulikana.

Unajua ninaelekea wapi. Mjomba anamaliza kinanda chake, kisha gitaa lako na dramu yangu vilipaswa kuingia pamoja, na hapo mapigo saba yakawa sita. Tulivuka, wimbo ukaisha, ukaweka gitaa chini ukanivua nguo mbele ya mama na mjomba. Ulisema nimekula pigo. Ulisema mikono yangu ni ya kupigilia misumari. Naona ulinichagulia kazi siku ile ile.

Wale vijana wanaupiga na lile pigo pungufu pale pale, Kaka. Hawakurekebisha. Kinanda kinapokaribia kwisha ukumbi wote unashusha pumzi, lile pigo linaondoka, mtu anahisi kama ameshuka ngazi ambayo haipo, halafu dramu inamdaka. Ndipo watu wanapopiga makofi. Niliwatazama nikiwa nimesimama nyuma kabisa. Jambo lililonifanya nisiguse vijiti tena ndilo wanalolipia kiingilio kulisikia.

Nikaenda kuwaambia kwamba dramu ile ni yangu. Walinitazama mimi na aproni yangu kwa heshima, yaani hawakuniamini. Binti wa kinanda akanipa vijiti. Mikono ilikuwa mizito na mwanzo niliaibika, lakini tulipofika pale, ilikwenda yenyewe. Baada ya hapo wakaacha kuniita fundi.

Mpiga dramu wao, kijana mrefu asiyecheka, akanivalisha spika za masikioni na kuniwekea kaseti yetu.

“Sikiliza, mzee,” akaniambia. “Gitaa ndilo lililowahi. Dramu imeruka pigo makusudi ili ilidake, la sivyo wimbo ungeanguka. Mimi nimehangaika sana kujifunza kudaka hivyo.”

Nilisikiliza mara nyingi. Ni kweli. Uliingia kabla ya wakati wako, nami nikakukimbilia bila hata kufikiri. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba uliposema kosa ni langu, nililichukua.

Hata hilo, Kaka, sikukuandikia. Nilisema yamepita, sote tumezeeka. Niliwapa vijana namba yako kwa moyo mweupe, maana wanataka kuuweka wimbo katika albamu yao na kuandika majina ya waliouanzisha. Walikupigia. Binti wa kinanda alinificha majibu yako kwa muda, akizungukazunguka, mpaka nilipombana. Umewaambia wimbo ni wako na kinanda ni cha mjomba. Na dramu?

“Alisema ilipigwa na mtu tu,” akaniambia huku akitazama viatu vyake. “Akasema ndiye aliyeharibu pale katikati. Tena alicheka.”

Kisha akaniuliza kama kweli sisi ni ndugu. Nilimjibu kwamba ni ndugu wa tumbo moja, na nikarudi kwenye viti vyangu. Roho iliniuma mpaka nikajipiga nyundo kidole.

Sitaki kuzunguka. Jalada la albamu linakwenda kuchapishwa mwisho wa mwezi huu. Hawataki kuandika jina langu kinyume cha kauli yako, wanaogopa kuingilia ugomvi wa familia, na siwalaumu. Nakuomba uwapigie uwaambie dramu ilipigwa na mdogo wako. Habari ya nani aliwahi na nani alidaka, ukitaka inyamazie mpaka kaburini. Jina tu. Wala sitaki sherehe.

Nilidhani nimemaliza kukasirika, kumbe bado. Juzi nilimwekea mama ule wimbo kama wanavyoupiga vijana, nikaiweka spika karibu na lile sikio lake la kulia. Alisikiliza akiwa ameshika tama. Tulipofika pale akatikisa kichwa.

“Hapo ndipo kaka yako alipowahi,” akasema.

Nilizima. Nikamuuliza amejua lini.

“Siku ile ile. Si nilikuwa mlangoni? Nilikuwa naitazama mikono yenu.”

“Na akanitukana mbele yako, mama. Mbona hukusema?”

Hakubabaika hata kidogo. Alisema, “Yule ningemwambia ukweli, angeondoka nyumbani. Wewe nilijua utakaa.”

Wewe ukaondoka hivyo hivyo, Kaka. Nami nimekaa. Nimekaa naye miaka yote hii, namkanda miguu, nambebea maji ya kuoga, na nilikuwa nafikiri ni kwa sababu mimi sikufaa kwa kitu kingine. Aliniomba niuwashe tena ule wimbo, nikauwasha, nikaenda kusimama uani mpaka ulipokwisha.

Nisalimie shemeji sana, mwambie kitambaa alichonitumia kimetosha viti viwili na kinasifiwa. Wasalimie mapacha wako na yule mkorofi wa mwisho, ambaye nasikia ameanza kugonga sahani mezani. Msimkataze. Shangazi wa duka la vioo anakusalimu, na mama anasema ule vizuri.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupe nguvu ya kuinua simu.

Wako akupendaye, maana sikujifunza namna nyingine,

Mdogo wako,
mpiga dramu.