Leso Nyekundu ya Ghorofa ya Nne

Jumapili, alasiri. Mawingu yameukalia mtaa wetu wa Pipeline tangu asubuhi na nguo za mwanangu Amani hazikauki.

Nisameheni kwa kunyamaza. Najua kuna mliokuwa mkiingia ukurasa huu kila wiki kuuliza ile siku ya wapigapicha ilikwendaje, mkakuta bado ni yale maneno yangu ya uji wa wimbi. Sikuwa mgonjwa. Uvivu pia haukuwa, ingawa mtoto anayeota meno haachii mtu mikono ya kuandika. Nilikuwa nangoja mtu fulani ahame kwanza.

Amehama. Juzi alinipigia kwa nambari nisiyoijua akasema, "Sasa andika. Jina langu tu usitaje."

Basi nitamwita jirani.

Wapigapicha wenyewe walikuwa kama kumi, wengine Wakenya, wengine wa nje, wote kwenye warsha ya kujifunza kupiga picha za safari. Walikuwa wametoka Ziwa Magadi kupiga flamingo na chumvi, na siku yao ya mwisho ilikuwa ya mitaa yetu. Mwalimu wao, Mkenya mwenzetu, alikuwa ameona picha ninazopiga kwa simu na kuziweka hapa. Akaniomba niwe mwenyeji wao, niwaonyeshe njia na niongee na watu wa ploti, jengo letu la kupanga. Nilifurahi. Acha niseme ukweli, nilijiona.

Lakini nilimpa sharti. Ploti yetu ina nyumba nyingi, na si kila mtu anataka sura yake izunguke dunia. Kwa hivyo niliandika kwenye grupu ya wapangaji: asiyetaka kupigwa picha Jumamosi aanike kitu chekundu kwenye reli ya balkoni yake. Baba mmoja wa ghorofa ya pili akajibu, "Na kama sina nyekundu, nianike mke?" Mke wake akamjibu hapo hapo kwenye grupu, "Jaribu uone."

Mwalimu nilimweleza kwa simu. Akasema ni wazo zuri sana, atawaambia watu wake.

Ijumaa jioni jirani alibisha kwangu. "Mama Amani, uko na kitu chekundu? Mimi sina."

Nikampa leso yangu, ile niliyomfungia Amani siku tuliyotoka hospitali.

Alikuja ploti hii na msichana wake mdogo na mfuko mmoja. Watu wote walijua mume wake yuko Qatar. Mimi tu ndiye niliyeambiwa kwamba yuko hapa hapa Nairobi, anamtafuta, na alichoapa kumfanyia akimpata. Siku aliyomtoroka alitupa simu asifuatwe nayo. Tangu hapo anasuka watu nywele ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Balkoni hakuwa akitoka, hata kuanika alikuwa akianika akiwa ameinama.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Nilitangulia mbele na Amani mgongoni, nikiwasalimia watu, nikiwaonyesha wageni pa kukanyaga. Kamera zilipoinuka kuelekea juu nilidhani wanapiga zile kamba za nguo. Mzee mmoja wa wale wa nje aliielekeza yake kwenye leso. Nikamwambia hapana, hiyo nyekundu acha. Akaishusha, akanitabasamia.

Nikadhani wote wanajua.

Baada ya chakula tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa huko Makongeni. Viti vya plastiki, shuka jeupe ukutani, projekta. Kila mmoja aonyeshe picha zake tatu bora na wenzake waseme. Nilikaa nyuma kabisa nikinyonyesha.

Ya kwanza, leso yangu.

Aliyefuata, leso yangu. Wa tatu pia. Ukuta wote ule wa kijivu, madirisha, mabomba, na leso yangu katikati inawaka kama jiko. Wakawa wanacheka, "Kumbe sote tuliiona!" Mwalimu naye akacheka, akasema ndiyo maana zoezi la asubuhi lilikuwa kutafuta rangi moja kwenye kijivu.

Titi lilinikauka likiwa mdomoni mwa mtoto.

Nikahesabu kichwani. Leso peke yake haina shida, leso ni kitambaa. Akaja yule mzee na mke wake, ambao walikuwa wanawahi ndege. Kumbe baada ya kunitabasamia alipiga. Katika yake upepo ulikuwa umeipeperusha leso ikamfunika jirani uso wote, inaonekana mikono tu na kitana, na katikati ya magoti msichana wake anacheka, pengo la meno ya mbele liko wazi. Watu wakasema aaah. Wakapigiwa makofi, wakachukua mabegi yao, wakaenda. Mimi bado nilikuwa najiambia nyamaza, uso hauonekani.

Halafu ikaja ya Njeri.

Njeri ni msichana wa hapa Nairobi, mpole, na siku yote hakuna aliyekuwa amesifu kazi yake. Katika picha yake leso imeinuka. Jirani ameketi kwenye kibao, kitana mdomoni, anatazama lenzi moja kwa moja. Juu ya kichwa chake, kwenye ukuta, jina la ploti limeandikwa kwa rangi, herufi kubwa, pamoja na nambari ya simu ya kupangisha.

Mwalimu akasimama. "Hii ndiyo picha ya siku."

Nikasimama pia. "Hiyo picha ifutwe."

Njeri akanigeukia, macho yake tayari yana maji. "Kwani ni wewe?"

"Si mimi. Ifutwe."

"Mama Amani," mwalimu akasema kwa ile sauti ya kutuliza watu, "tuongee kando kidogo."

"Tuongee hapa hapa."

Kijana mmoja akasema lakini si alikuwa nje, wazi, kila mtu anamwona? Mwingine akauliza sababu ni gani, wapewe tu sababu. Na sababu ndiyo sikuweza kuitoa. Nikiisema pale, nimemwuza jirani kwa watu kumi ili nimwokoe na picha moja. Amani akaanza kulia.

Nikasema, "Sababu ni hiyo leso. Nyinyi hamkuambiwa kazi yake?"

Wakatazamana. Mwalimu akajishika kichwa. "Imenitoka," akasema. "Haki ya Mungu, ilinitoka."

Nikawaeleza. Nikawaambia kwenye ploti nzima ni mwanamke mmoja tu aliyeanika nyekundu, na ni yeye mliyemchagua nyote. Kila mmoja wenu amepiga picha ya mtu akisema hapana.

Hakuna aliyeuliza sababu tena.

Nilizunguka na mtoto mgongoni, kamera moja baada ya nyingine, nikisimama mpaka nione imefutwa. Hata zile za kitambaa kitupu. Mwalimu alifuta zake wa kwanza. Kijana aliyesema "si alikuwa nje" aliniomba radhi, nami nikamwitikia, lakini sikuondoka mpaka afute.

Njeri alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameketi tu ameshika simu. "Dada," akaniambia polepole, "niliiweka kwenye ukurasa wangu tukiwa tunakula."

Chini ya picha kulikuwa na sifa nyingi. Na katikati ya sifa, mtu ameandika, "Hapo si Pipeline? Naijua hiyo ploti." Tayari kulikuwa na waliosambaza.

Aliitoa mbele yangu. Sikumfokea. Ni mtoto wa mtu, na alikuwa amepiga picha nzuri. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo, picha ilikuwa nzuri kweli.

Kupanda ngazi jioni ile kulikuwa kazi. Nilitamani ziwe kumi zaidi.

Jirani alifungua mlango akicheka, ananirudishia leso imekunjwa. "Imenisaidia, Mama Amani. Leo tumekaa nje kama watu. Nimemsuka huyu juani, ameimba mpaka akachoka."

Alikuwa ametoka nje kwa sababu ya leso yangu. Isingekuwepo angebaki ndani na mlango wake umefungwa, na hakuna kamera ambayo ingemfikia.

Nilimwambia yote nikiwa bado mlangoni. Hakulia, hakunilaumu. Aliuliza mambo mawili tu.

"Uso umeonekana?"

"Umeonekana."

"Na jina la ploti?"

"Limeonekana."

Akaenda kutoa ule mfuko chini ya kitanda.

Siku zilizofuata, kabla hajapata pa kwenda, walilala kwangu. Viatu vyovyote vilivyopanda ngazi vilitunyamazisha sote, hata watoto. Sijui kama yule mume aliiona picha. Jirani hakungoja ajue, na mimi sikumwambia angoje.

Mwalimu huulizia kila mara, na amekataa kurudi na kikundi chochote mpaka ajifunze kuomba ruhusa upya. Namwamini. Lakini nikiombwa tena kuwa mwenyeji, kila mlango nitaubisha kwa mkono wangu. Rangi siamini tena.

Juzi, aliponipigia, jirani alikuwa na swali kabla hajakata simu. Aliuliza, "Katika zile zote, kuna hata moja ambayo mimi sionekani, lakini mtoto anaonekana?"

Kumbe picha zote za mtoto wake zilikwenda na ile simu aliyoitupa. Za kuzaliwa, za kutambaa, zote. Hana hata moja.

Na mimi nilikuwa nimesimama juu ya kila mtu nikafutisha zote. Zote isipokuwa za wale wawili waliowahi ndege, ambao mwalimu amewaandikia na hawajajibu. Amesema atawatumia ukurasa huu. Basi ninawaandikia nyinyi sasa, mzee na mama, bila hasira. Bado nahitaji kutumiwa hivi:

Neno lenu kwamba picha zote za balkoni ile mmezifuta, kwenye kadi, kwenye kompyuta, na popote mlipoziweka, isipokuwa moja.

Jina la kila mtu mliyemtumia yoyote kati ya hizo, ili mwalimu aongee naye.

Na hiyo moja, ya msichana anayecheka na leso imemfunika mama yake uso. Ukatwe ule ukuta wenye maandishi. Iwe ya karatasi, isiwe ya simu, ukubwa wa kiganja, aweze kutembea nayo. Mpeni mwalimu anifikishie, mimi nitaipeleka.

Nyuma yake msiandike kitu.