Jiwe la Pikapu Lilibaki Getini

Babu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza na wewe bila shikamoo.

Naandika kwa sababu kusema kunanishinda, unanijua. Nilikudanganya, Babu. Ukafa ukiniamini.

Siku ile Kaka Eliamani wa Shirimatunda alipokuja kuchukua pikapu uliyomuuzia, macho yako yalikuwa yameshakataa barabara. Ulikaa barazani ukiitazama kama ng'ombe anayetolewa zizini. Ulikuwa umemweleza yote: rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto, mteremko ushukwe kwa gia ileile ya kuupandia, tairi zipigwe kisigino kila asubuhi. Alipokwisha washa injini ndipo ukakumbuka.

"Neema, mkimbilie! Mwambie hendibreki inashika gari likiwa tupu, likiwa na mzigo inaachia kidogo kidogo. Aweke jiwe. Mpe na jiwe lenyewe, lile la pale getini."

Nilifika getini. Nyuma, kwenye bodi, walikaa vijana wawili. "Haa, mjukuu wa Babu kaja kulilia gari! Panda basi, twende na wewe mjini." Wakacheka. Mdomo wangu ukafungika. Wameondoka, mimi bado nimeshika geti.

Uliponiuliza, "Umemwambia?" nikasema, "Ndiyo, Babu."

"Aika," ukanishukuru, ukafumba macho.

Wiki tatu baadaye tulikuzika kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, katika migomba ya upande wa barabara.

Tangu hapo pikapu inapita kila siku saa kumi jioni, imejaa ndizi. Kwenye kona Eliamani anapiga honi mara mbili, kama wewe. Bibi anaacha kumenya ndizi, kisu mkononi. "Babu yenu huyo," anasema, anatabasamu. Lakini mimi honi ile inaniuliza: Umemwambia?

Na jiwe lipo palepale getini, lina bonde la tairi na doa la oili. Mama alilichukua akazuilia mlango wa banda la kuku. Nikalirudisha. Shuleni mwalimu wa fizikia akauliza, kwa Kiingereza, kinachozuia gari lisiteleze kwenye mteremko. Jibu nilikuwa nalo kwa lugha zote mbili. Nikainamia daftari.

Jumanne iliyopita pikapu haikupita, ilisimama mteremkoni pale getini, imejaa ndizi. Bibi alikuwa na mikungu ya kupeleka sokoni. Eliamani akazima injini, akavuta hendibreki, akaingia kihambani. Chini ya barabara, kwenye mfereji, wale mapacha wa jirani walikuwa wanaosha miguu.

Nikaiona pikapu inasogea. Kiasi cha kiganja. Ikatulia. Ikasogea tena.

Babu, sikumbuki kulibeba lile jiwe. Nakumbuka tairi likiingia kwenye bonde lake na kukaa, kama limefika nyumbani.

"We Neema, unaijengea pikapu yangu msingi?" Eliamani alikuwa nyuma yangu, mkungu begani, anacheka.

"Hendibreki inaachia ikiwa na mzigo," nikasema. "Babu aliniagiza nikwambie siku ile ile. Sikukwambia."

Cheko likamwisha. Akawatazama mapacha. Akatua mkungu taratibu kama mtu anayelaza mtoto. "Kesho nilikuwa nipakie matofali," akasema, "pale juu ya shule ya msingi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jiwe akalipandisha mwenyewe mbele, pale ulipokuwa unaniketisha mimi.

Nimekata jani la sale, nimelifunga fundo, nimeliweka kaburini kwako. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeletewa sale hana ruhusa ya kukataa msamaha. Basi usikatae.

Lakini kuna jambo la leo, sijui nimwambie nani. Pikapu iko kwa fundi mjini tangu juzi. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna hata bodaboda. Saa kumi honi imelia kwenye kona. Mara mbili. Bibi akaacha kumenya.

"Babu yenu huyo."

Nikasimama. Nikajibu kwa sauti, Babu, sauti ambayo sijawahi kuitoa hata darasani: "Ndiyo. Nimemwambia."

Bibi hakuuliza naongea na nani. Tulisikiliza sote wawili. Haikulia tena.

Nakuahidi, nikipewa neno la kumfikishia mtu, silali nalo, hata wakicheka wote. Sasa pumzika. Usishuke tena kwenye ile kona kwa ajili yangu.

Mjukuu wako,
Neema