Ushuhuda Wangu Huko Wamagana

Dada Tabitha,

Hamjambo wewe na Mama huko Voi? Huku Wamagana ukungu haujaondoka tangu tufike na wenzangu kuhubiri, na blanketi langu halikauki. Leo mkutanoni nilitoa ushuhuda, ule unaoujua, wa pombe na jinsi Bwana alivyoniokoa. Nikamaliza, nikangoja ndugu wa hapa waniimbie kama walivyowaimbia wenzangu walipomaliza. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Baadaye mama mwenye nyumba tunamolala akanipa nduma ya moto, akaniambia polepole, "Mwanangu, hiyo ulituambia mwaka jana. Na tangu hapo, Yesu amekufanyia nini?" Nilitafuta jibu mpaka nduma ikapoa mkononi.

Mungu awatunze, dada. Mimi niombee pamoja na wale ambao hawajaokoka.

Nduguyo akupendaye,
Elija